Baba Yangu Hakuwa Sajini

Wapo watakaosoma haya waseme jamaa alikunywa malwa akaota. Mimi sinywi. Nenda Bugembe, nje kidogo ya Jinja, uliza mlango wowote nani alichomelea geti lao, watanitaja mimi. Kisha uliza kama wamewahi kuniona nimelewa. Niliyoyaona niliyaona mchana, jua likiwa utosini. Na macho yangu haya, yanayopima chuma bila futi tangu ujana, hayajawahi kunikosesha hata kwa upana wa uzi. Kama huamini, acha kusoma hapa hapa, sitakulaumu.

Kwanza ujue unazungumza na nani. Shule niliacha darasa la nne. Mama alikuwa Msoga, mpishi wa mtaani, akiuza posho na maharage nje ya kambi ya jeshi pale Jinja. Nilianza kwa kuokota misumari kwenye nyumba zilizobomolewa wakati wa vita, nikiinyoosha kwa jiwe na kuiuza. Leo nina karakana Bugembe, nyumba za kupangisha Nabuyonga kule Mbale, na pikapu mbili. Wenye digrii huja kwangu kuomba niwafanyie haraka, nami huwaambia wasubiri. Hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivi siyo kwa kujisifu, nasema ili uelewe kwa nini nilifanya kosa nililofanya.

Baba sikumjua. Alikuwa Mgisu, askari, na alikufa katika vita vile vya kuwang'oa wanajeshi madarakani, mimi nikiwa bado tumboni. Mama alikuwa na maneno machache tu juu yake: "Baba yako alikuwa Sajini Gidudu, kijana mzuri, akafa." Hakuna picha wala barua. Lakini maneno hayo yalinitosha. Walioniita mtoto wa mtaani niliwajibu kuwa baba yangu alikuwa sajini. Fundi aliyenifundisha kazi aliponitukana, nilimjibu hivyo hivyo, akanipiga, nikarudia kusema. Unaweza kuishi na neno moja miaka arobaini, niamini.

Sasa, sisi Wagisu mwanaume hahesabiwi kwa ndevu. Anahesabiwa kwa imbalu, tohara yetu ya hadharani. Hufanyika mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kijana anacheza siku tatu akizunguka kwa jamaa zake, anapakwa unga wa kimea cha wimbi kichwani na usoni, kisha anasimama uani kwa baba zake, fimbo mabegani, watu wote wakimtazama, na ngariba anakata. Ukitikisika, aibu yako itakuwa na wajukuu. Mimi nilisimama Namatala, mtaa wa pale Mbale, na nilisimama kama nguzo ya umeme. Lakini ule haukuwa ua wa kwetu. Ulikuwa wa fundi viatu mmoja aliyenihurumia, kwa sababu kwa baba sikujua hata njia. Hilo lilinikera maisha yangu yote. Nikaapa kwamba mwanangu Mafabi atasimama uani kwa babu yake mwenyewe, na watu waone.

Mafabi alipofika miaka kumi na saba nilikitafuta kijiji cha baba, huko juu ya Mbale kwenye migomba na kahawa, nikakipata. Nikamkuta Wambede, mdogo wake baba, mzee mfupi mwenye mdomo mkali, anaanika kahawa. Alinitazama, akaitazama pikapu, akanitazama tena.

"Pua ni ya Gidudu," alisema. "Tumbo hilo sijui ni la nani. Karibu."

Nilimweleza nilichotaka. Akanimiminia chai, akangoja niimalize.

"Mwanangu, chai nakupa, kitanda nakupa. Ua siwezi kukupa bado."

"Kwa nini, baba mdogo?"

"Gidudu alitoka hapa mvulana. Hakukatwa. Kisha tukasikia amekufa, maiti hatukuiona. Kama alikatwa huko jeshini kwenu, niletee aliyeona. Kama hakukatwa, tutamzika kwa mgomba, nao mgomba tutaukata kwanza, mbele ya watu. Halafu Mafabi atasimama, hata kesho."

Nieleze kidogo kwa asiyejua. Mtu akifa mbali na maiti isipatikane, huku kwetu huzikwa shina la mgomba badala yake, limeviringishwa shuka kama mtu. Na Mgisu hazikwi mvulana. Hata maiti, kama hakuwa amekatwa, ngariba anaitwa kwanza. Kwa hiyo alichosema Wambede hakikuwa uonevu. Ni desturi, na hata kwa maskini kabisa ingefanywa vile vile.

Lakini mimi niliona matusi. Watu waje wajaze ua, na Mbale nzima inanijua, halafu ngariba atoe kisu akate mgomba, na watoto wacheke kwamba baba yake yule mwenye mapikapu alikufa mvulana? Sajini? Nilisimama, nikamwambia, "Shahidi nitakuletea."

"Mlete," alisema, akarudi kwenye kahawa yake.

Mwaka ule haukuwa mwaka wa kukata, nilikuwa na muda. Nilianza kuwatafuta wazee waliokuwa jeshini zamani. Bwana, hakuna watu waongo kama hao. Wa kwanza alimjua baba, alikuwa mrefu sana. Wa pili alimjua, alikuwa mfupi. Wa tatu aliuliza kwanza kama nina simu ya ziada. Mwishowe fundi wangu mmoja wa Kinubi akaniambia niende kwa Hababa Zamzam, bibi aliyekuwa akiuza chai getini mwa kambi miaka hiyo. Wanubi humwita bibi hababa, na huyo kila mtu Bugembe humwita hivyo, wawe Wanubi au la.

Nilimkuta kibarazani anasuka kawa ya kufunikia chakula. Nikajitambulisha kwa urefu, kama ninavyopenda. Alipokuja kusema, hakuitazama hata saa yangu.

"Gidudu. Yule mtoto wa Kigisu aliyekuwa akilala na buti. Namkumbuka. Na mama yako namkumbuka, posho yake ilikuwa na mawe."

"Sajini Gidudu," nilisema.

"Haya."

"Hababa, ninataka kujua jambo moja tu. Alikuwa ametahiriwa?"

Aliacha kusuka. "Mwanangu, mimi nilimuuzia chai. Sikumvua suruali."

Wanawake waliokuwa ndani wakacheka, nikasikia. Ila aliniambia mengine. Kwamba jeshi lilipokuwa linakimbia, malori yalipita Bugembe usiku na mchana kuelekea mashariki. Kwamba lori alilopanda baba lilipofika kwenye miwa, mbele kidogo ya mji, aliruka chini, na wenzake wakampiga risasi kwa kutoroka. Wanawake waliokuwa wakitafuta kuni walimzika pale pale kwa majembe mafupi: unaacha barabara ya Iganga, unafuata njia ya miguu mpaka kisiki cha mvule, hapo.

"Alikuwa anatorokea wapi?" niliuliza.

"Nitajuaje? Nenda kamuulize mwenyewe," alisema, akarudia kawa yake. Alikuwa ananidhihaki. Bado naamini alikuwa ananidhihaki.

Nilikwenda kesho yake. Niliacha pikapu juu ya lami, nikashuka kwenye miwa saa saba mchana. Joto lilikuwa limelala juu ya miwa kama bati. Nilitembea kama robo saa, nikakiona kisiki, na kabla sijakifikia nikakuta kizuizi.

Kizuizi kweli. Mwanzi mrefu umelazwa juu ya mapipa mawili yenye kutu, umekatiza njia ambayo hata baiskeli hupita kwa taabu. Nani anaweka kizuizi katikati ya miwa? Nyuma ya mwanzi alisimama kijana, miaka ishirini au hajafika, magwanda yamemlegea, bunduki begani, buti hazina kamba. Kwenye nywele zake na nyuma ya masikio palikuwa na kitu cheupe kilichokauka kikapasuka vipande vipande. Nikadhani ni saruji. Nikadhani ni mlinzi wa miwa ambaye mchana hufanya kibarua cha ujenzi.

"Simama. Wewe nani?"

"Mimi mtu na mali zangu. Wewe nani?"

"Hapa nauliza mimi. Wapi kipande?"

Mtu wa rika langu aliyekulia Jinja anaijua sauti hiyo. Ndicho Kiswahili tulichokisikia utotoni kwenye kila barabara, na mpaka leo ukikisikia mkono unaenda mfukoni wenyewe. Nikatoa kitambulisho. Alikishika juu chini, akakinusa, akakitia mfukoni mwake.

"Vua viatu. Kaa chini."

"Kijana, mimi ni mkubwa wa kukuzaa."

Hapo alicheka. Alicheka mpaka akaushika mwanzi. "Wewe? Unizae mimi?" Kisha uso ukakauka ghafla. "Kaa chini, mzee wa kunizaa. Mikono kichwani."

Nikakaa. Siyo woga, ilikuwa bunduki. Kama asingekuwa na bunduki ningemfundisha adabu, na kama utakavyoona, adabu yenyewe nilijaribu kumfundisha. Aliokota viatu vyangu, vya ngozi, vipya, akavipindua, akavitupa nyuma ya kisiki.

"Unatafuta nini hapa?"

"Kaburi la baba yangu. Alikuwa askari kama wewe, ila yeye askari kweli. Sajini."

"Sajini nani?"

"Sajini Gidudu."

Niligundua wakati huo kwamba miwa ilikuwa imesimama kimya, hata jani moja halisuguani na jingine, wewe uliyekaa karibu na miwa unajua kuwa hilo haliwezekani.

"Alikatwa?" aliuliza.

Jiulize. Nimekaa chini, mikono kichwani, mbele ya mtu nisiyemjua, na ananiuliza swali lile lile lililonileta. Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi nilijibu.

"Alikatwa. Jeshini, mbele ya kikosi kizima. Alisimama kama nguzo ya umeme, mpaka mkubwa wao akampigia saluti." Uongo ule ulinijia kamili, na mapambo yake, bila kuutafuta.

"Nani aliona?"

"Watu wengi."

"Taja mmoja."

"Sasa wewe mtoto unataka..."

"Mwongo," alisema. Hakupaza sauti. "Sajini gani? Huyo alikuwa anachota maji ya jikoni. Siku moja alivaa shati la sajini aliyekufa, kwa sababu lake lilichanika, wakamwita sajini kwa kumcheka. Mwanamke wake muuza posho akaamini. Alikuwa mjinga kidogo, lakini mzuri."

Nilisimama. Bunduki niliisahau kabisa. Baba ungeweza kunitukania, labda, lakini mama yangu nilimzika mwenyewe na hakuna anayemtia mdomoni mbele yangu. Nilimzaba kofi. Mkono huu umenyanyua vyuma miaka thelathini, nikimzaba mtu anaanguka. Yule hakuyumba. Shavu lake lilikuwa baridi kama bati alfajiri, na mkono wangu ulirudi umejaa ule weupe.

Nikanusa. Haikuwa saruji. Ilikuwa kimea cha wimbi.

Mgisu aliyepakwa unga ule hasahau harufu yake mpaka kufa. Unaupakwa ukiwa na hofu, nao unakaa na hofu hiyo. Nikamtazama masikio, nikatazama nywele. Mwaka haukuwa wa kukata. Nani anatembea na unga wa imbalu, na magwanda ambayo jeshi liliacha kuyavaa kabla sijaota meno? Pua ile niliijua. Huiona kila asubuhi nikinyoa.

Nikakaa tena bila kuamriwa.

Aliongea Kigisu sasa, taratibu, kama mtu anayemsomesha mjinga. Alisema alicheza siku tatu kama wenzake. Siku ya kisu alikiona kisu, akakimbia. Akashuka mlima na unga wake mwilini mpaka barabarani, likapita lori la jeshi lililokuwa likiokota vijana, akapanda. Kambini alioga kila siku na unga haukutoka. Vita vilipokuja wakaambiwa wakimbie tena, na lori lilipokuwa linapita hapa alisema moyoni kwamba amechoka kukimbia. Akaruka aende nyumbani kwa miguu wamkate.

"Nilikuwa narudi," alisema. "Wakanipiga mgongoni. Kamwambie Wambede. Nilikimbia, halafu nilikuwa narudi. Yote mawili. Usiache hata moja."

"Nitamwambia," nilisema.

"Sema baba."

Mimi, mtu wa karibu miaka arobaini, mbele ya mtoto wa ishirini. "Nitamwambia, baba."

Alinyanyua mwanzi. "Pita." Nikapita kwa magoti, na nilipogeuka hapakuwa na mwanzi wala pipa. Miwa ilianza kusuguana tena kama kawaida. Viatu vyangu nilivikuta nyuma ya kisiki vimepangwa vizuri, bila kamba. Kitambulisho sikukipata, nililazimika kuomba kingine, na karani alipouliza nilikipoteza wapi nilisema kwenye mvua.

Hapo ningekuwa mtu wa maana ningepanda Mbale jioni ile ile nikamwambia Wambede yote. Nilichotafuta nilikuwa nimekipata. Tena nilikipata kuliko mtu yeyote aliyewahi kuulizia habari za marehemu wake, kwa sababu mimi nilijibiwa na mwenyewe. Nilifanya nini? Nilikaa siku nyingi karakanani nikiosha mkono kwa mafuta ya taa, kwa petroli, kwa jivu, harufu ya kimea haitoki. Na kila nilipojiandaa kusema, ulimi uliishia kwenye neno "alikimbia". Baba alikimbia. Alichota maji. Niliyasema moyoni, yakanitafuna. Ukiwa umejijenga mwenyewe tofali kwa tofali, halafu uambiwe tofali la chini kabisa ni udongo, utafanyaje? Nilijiambia vizuka ni joto la jua. Nilijiambia mtu aliyekufa hana la kupoteza, lakini mimi ninalo.

Mwaka wa kukata ulipofika, nilipanda kijijini nimevaa suti. Ukoo ulikaa uani. Wambede akaniuliza mbele ya wote kama shahidi nimempata.

"Nimempata. Askari mstaafu, mzee, mgonjwa, hawezi kusafiri. Aliona kwa macho yake. Baba alikatwa jeshini, na alikuwa sajini."

"Unaapa?"

"Naapa."

Wambede akapangusa mdomo, akasema, "Basi alikuwa mwanaume. Tumlie."

Wakakata mgomba, wakauviringisha shuka nyeupe, wakauzika kama mtu mzima, bila kisu cha ngariba. Watu walilia kweli. Bibi mmoja aliyecheza naye utotoni alizimia. Nami nilijenga kaburi la tarazo, nikalizungushia chuma nilichochomelea mwenyewe, na juu yake herufi za chuma, kubwa, zinasomeka kutoka barabarani: SAJINI GIDUDU. Nakwambia, hakuna kaburi kama lile mlima mzima. Nilikuwa napita pale najisikia mrefu.

Mwezi wa nane ikafika zamu ya Mafabi. Mtoto yule alicheza siku tatu bila kuchoka, kengele mapajani, na sauti yake ya kuimba ilisikika ng'ambo ya bonde. Sikuwa na wasiwasi naye hata kidogo; alikuwa na moyo kuliko mimi. Asubuhi ya siku ya tatu alipakwa unga mpya, akaingia uani kwa babu yake mbio, akasimama mahali pake, akainua fimbo mabegani. Mimi nilisimama nyuma yake hatua tano. Ngariba akatoka na kisu.

Mafabi hakukitazama kisu. Nilimwona anatazama mbele, kati yake na ngariba, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Alitikisa kichwa, kama anayejibu jambo. Midomo yake ilicheza. Kisha akaangusha fimbo, akageuka, akapita katikati ya watu mia, na hakuna aliyemshika. Vijana walimfukuza mpaka barabarani. Walirudi mikono mitupu.

Siwezi kukueleza kelele za siku hiyo. Wanawake waliofunga vitambaa kwa kucheza walivifungua wakaondoka bila kuaga. Mjomba mmoja alitema mate miguuni pangu, nami sikufanya lolote. Wambede peke yake alibaki, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Huyu mtoto hana woga," alisema. "Nani amemfukuza?"

Niliinama, nikaokota fimbo ya Mafabi.

Ilipita miezi miwili ndipo simu ikalia. Mafabi alikuwa kambini, ameandikishwa jeshi, amemaliza wiki za kwanza za mafunzo. Sauti yake ilikuwa tulivu, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilianza kumfokea, nikamwambia ameniua, ameua jina la babu yake.

"Baba, nisikilize," alisema. "Kulikuwa na askari pale. Alisimama kati yangu na ngariba. Kijana kama mimi, amepakwa unga kama mimi. Wewe hukumwona?"

"Alikuambia nini?"

"Aliniambia, 'Mimi niko mbele yako kwenye foleni. Nenda ukangoje nilikongoja mimi.' Nikamuuliza mpaka lini. Akasema, 'Muulize baba yako, yeye anajua.'" Kisha akauliza, "Unajua nini, baba?"

Nilikata simu. Mwanangu aliniuliza swali, nami nikakata simu. Andika hilo pamoja na makosa yangu mengine.

Usiku ule sikulala, na alfajiri nilipanda kwa Wambede nikamwambia yote, yale mawili kama nilivyoagizwa: alikimbia, halafu alikuwa anarudi. Nikamwambia kofi, nikamwambia viatu. Nilidhani atanipiga. Alilia kwanza. Kukimbia kule walikujua siku zote, walinisitiri tu; alimlilia kaka yake kwa ajili ya kule kurudi, akirudia, "Kumbe alikuwa anakuja. Kumbe alikuwa njiani." Baada ya hapo ndipo akanigeukia, na aliyonitukana siyaandiki.

Ukoo uliamua kaburi lifunguliwe. Nililivunja mwenyewe kwa nyundo, tarazo langu, hakuna aliyenisaidia. Mgomba ule ulikuwa ardhini miezi mingi, msimu mzima wa mvua. Wewe unaujua mgomba: wiki tatu tu unakuwa uji. Ule ulitoka mzima, mgumu, mbichi kama umekatwa asubuhi ile, na shuka ilikuwa na madoa ya weupe uliokauka kuanzia juu, palipo kichwa. Walioona wako hai. Waliamua niushike mimi, niusimamishe wima uani, niubebe kama baba anavyombeba mtoto mgonjwa. Ngariba akakata. Yalitoka maji, maji ya mgomba tu, sitakudanganya. Lakini nilipokuwa nimeukumbatia nilihisi haukutikisika. Mimi ndiye niliyetetemeka, mbele ya watu wote, na watoto walicheka kama nilivyoogopa watacheka.

Tuliuzika upya jioni. Herufi za SAJINI nilizing'oa kwa grinda. Limebaki jina tu.

Nilimpigia Mafabi usiku huo kumwambia foleni iko wazi, arudi. Simu ilikuwa imezimwa. Baadaye niliambiwa kikosi chao kimepelekwa nje ya mpaka, kwenye vita vya watu wengine, na tangu hapo imezimwa. Nimekwenda kambini Jinja mara nyingi; huniambia nisubiri, nami nasubiri kwenye benchi kama mtu yeyote. Harufu kwenye mkono wangu ilitoka siku tuliyokata mgomba. Ningependa ingebaki na mtoto arudi.

Miaka miwili miwili imepita tangu hapo, mara tatu sasa. Kila mwaka wa kukata nakwenda kijijini, nakaa mlangoni pa ua tangu alfajiri mpaka kijana wa mwisho akatwe. Wambede, mzee sana siku hizi, haniongeleshi, ila huniwekea kigoda. Kila mwenye unga kichwani akiingia mbio namtazama pua.

Kwa hiyo wewe unayepita kwa wazee kuuliza habari za marehemu wako aliyekufa vitani, nakuonya. Kama utaambiwa alikuwa shujaa, beba hilo. Kama utaambiwa alikimbia, alichota maji, aliiba shati, beba hilo pia, ulifikishe lilivyo, mbele ya wanaongoja, hata kama umevaa suti. Usimpe cheo asichokuwa nacho. Yeye hakihitaji, na atakuja kukudai kile ulichomficha, tena hatakuja kwako.